Kusoma Vibao vya Kiwandani vya Magari ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayetaka kufufua gari la zamani huanza kuuliza bei ya rangi na mahali pa kupata vipuri. Mimi naomba aanze na kibao: akisome kabla ya kulipa, na kabla fundi hajafungua nati hata moja. Majibu haya yameelemea Land Rover na Land Cruiser kwa sababu ndizo nyingi mikononi mwetu, ila Volkswagen, Mercedes na Datsun nazo zimo.

Kibao cha kiwandani ni kipi, na nikitafute wapi?

Ni kipande cha bati jembamba kilichobanwa kwa ribiti, chenye jina la kampuni, aina ya gari na namba yake. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 40, fungua boneti uangalie ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kwenye Land Rover za zamani, kitafute ndani ya kabini, kwenye ukuta huohuo upande wa miguuni au karibu na dashibodi. Volkswagen Beetle inacho ndani ya buti la mbele, nyuma ya tairi la akiba. Mercedes W123 ina vibao kwenye bati la mbele linaloshika rejeta, na kimoja kati yake kina namba ya rangi.

Kama hukioni, usikimbilie kusema kimeibwa. Magari haya yamepigwa rangi mara nyingi, na mara nyingi kibao kiko palepale chini ya tabaka la rangi ya brashi.

Kibao na namba ya chasisi ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kibao kimebandikwa, kwa hiyo kinaweza kutolewa kwa dakika mbili kikahamia gari jingine. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Viwili hivi vikipingana, kiamini chuma.

Kwa Land Rover kuanzia toleo la Series II, namba imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi. Kwa Land Cruiser za 40, 60 na 70, angalia mhimili wa chasisi wa kulia, eneo la gurudumu la mbele. Kwa Beetle, inua kiti cha nyuma: namba iko kwenye mgongo wa katikati wa sakafu. Lala chini na tochi. Muuzaji akikwambia hakuna haja ya kuingia chini maana karatasi zipo, hiyo ndiyo sababu ya kuingia.

Gari langu lina namba fupi, si tarakimu 17. Limechezewa?

Si lazima. Mfumo wa namba 17 ulianza kushika kwenye viwanda vingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipangia yake. Gari la 1965 lenye namba 17 ndilo la kutilia shaka.

Kwenye mfumo huo wa 17, herufi I, O na Q hazitumiki kabisa ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiziona kwenye kadi ya gari au logbook, karani alikosea kunakili, au namba yenyewe si ya kweli.

Namba ya Land Rover ya Series inasomwaje?

Tofautisha kwanza Series II, iliyotoka 1958 hadi 1961, na Series IIA, iliyofuata hadi 1971. Kwa macho zinafanana mno. Kwa namba hazifanani.

Series II ina tarakimu tisa. Tatu za kwanza ni aina ya gari, ya nne ni mwaka, tano za mwisho ni zamu yake ya kutoka kiwandani. Namba inayoanza na 1429 ni Series II fupi ya inchi 88 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza, ya mwaka 1959. Tarakimu ya nne ikiwa 8 ni 1958, ikiwa 0 ni 1960, ikiwa 1 ni 1961.

Series IIA ina tarakimu nane na herufi moja mwishoni, na mwaka haumo. Tatu za mwanzo ndizo zinazozungumza. Kwa inchi 88 ya petroli: 241 ni ya soko la Uingereza, 242 ni ya kuuzwa nje yenye usukani kulia, 243 ni usukani kulia iliyosafirishwa vipandevipande, 244 ni usukani kushoto ya kuuzwa nje, na 245 ni usukani kushoto ya vipandevipande. Mpangilio huohuo wa tano unarudi kwenye aina nyingine: inchi 109 ya petroli inaanzia 251, station wagon ya inchi 109 ya petroli inaanzia 261, inchi 88 ya dizeli inaanzia 271, na inchi 109 ya dizeli inaanzia 276. Kwa hiyo ukikuta 252 chini ya matope, umeshajua ilikuwa ndefu, ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje. Ikiwa mbele yako imesimama gari fupi ya dizeli, kaa chini na mwenye gari muongee.

Ile herufi ya mwisho watu huiruka, nami nawasihi wasiiruke. Inaanza A na kupanda kadiri kiwanda kilivyobadilisha mambo makubwa ya kiufundi. Ndiyo inayokuambia ununue kipuri kipi. Mtu anaagiza vipuri vya gia boksi kwa kusema tu "Series IIA", vinafika, haviingii, halafu anamlaumu muuzaji. Taja namba nzima pamoja na herufi yake.

Chunga na umeme. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani waya wa chanya wa betri ukiwa ndio umefungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Baadhi zimegeuzwa, baadhi hazijaguswa. Namba ikikuonyesha gari ni la mwanzoni, fuata nyaya kwanza kabla ya kufunga alternata.

"Vipandevipande" maana yake nini kwa gari la huku kwetu?

Maana yake gari liliondoka Solihull, kiwanda cha Land Rover huko Uingereza, likiwa kwenye masanduku, likaunganishwa katika nchi lililouzwa. Kenya ilikuwa na kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers. Serikali zilipenda utaratibu huu kwa sababu ya ajira, na ushuru wa vipande ulikuwa tofauti na wa gari zima.

Kwa mfufuaji, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Gari lililounganishwa huku lingeweza kupata rangi, viti, matairi, hata vioo vilivyopatikana karibu. Kumbukumbu za Uingereza kuhusu gari hilo huishia pale masanduku yalipotoka. Ukilirudisha kwenye rangi iliyoandikwa katika kitabu cha Solihull unaweza kuwa umelitia sura ambayo halijawahi kuwa nayo. Kwa maoni yangu, Land Rover iliyofungwa nati zake Thika na mafundi wa Thika ina asili yake kamili, na asili hiyo ndiyo ya kufufua. Kwaruza rangi taratibu mahali ambapo hapajawahi kuguswa, mfano chini ya mabano ya kiti au nyuma ya dashibodi, uone tabaka la kwanza kabisa.

Na Land Rover za baadaye, zenye namba inayoanza na SALL?

SAL ni Land Rover, na SA ya mwanzo ni alama ya Uingereza. Ukiona LD baada ya SAL ni familia ya Defender, LH ni Range Rover, LJ ni Discovery. Kwa Defender, herufi inayofuata inataja urefu: V ni 90, H ni 110.

Kibao cha Toyota Land Cruiser kinasemaje?

Kinasema mengi, na kwa mpangilio mzuri kuliko wa Waingereza. Anza na mstari wa MODEL. Tuchukue HZJ75RP-MRQ.

HZ ni injini, hapa 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164 ambayo Toyota waliitoa 1990. J ni Land Cruiser yenyewe. 75 ni umbo refu la mfululizo wa 70. R ni usukani kulia. Ingekuwa L ingekuwa kushoto. P ni pikapu. Baada ya kistari, M ni gia tano za mkono. Kwenye za zamani utakuta K, gia nne. Herufi ya mwisho ni soko: Q ni Australia, V ni nchi za Ghuba, W ni Ulaya.

Herufi za mwanzo ndizo zinazookoa pesa. F peke yake ni familia ya petroli ya silinda sita: FJ40 ya mwanzo ina injini ya F ya 3,878, na kuanzia 1975 ikaja 2F ya 4,230. B ni dizeli ya silinda nne: BJ40 ina injini ya B ya 2,977, BJ42 ina 3B ya 3,431. H ni dizeli ya silinda sita ya kabla ya 1HZ: HJ45 ina H ya 3,576, HJ47 ina 2H ya 3,980. PZ ni 1PZ ya silinda tano. FZ ni 1FZ, petroli kubwa ya 4.5. Namba inayofuata J ni umbo: 40 na 42 fupi, 43 ya kati, 45 na 47 ndefu.

Mfano: unauziwa "HJ47 original" na chini ya boneti kuna 1HZ. Hiyo injini imebadilishwa, kwa sababu 1HZ haikuwepo HJ47 zilipotengenezwa. Huenda imefungwa vizuri sana, na kwa barabara zetu huenda ndiyo injini ningeichagua mimi mwenyewe. Lakini lisiuzwe kwa bei ya gari lenye injini yake ya kuzaliwa.

Ukiona L kwenye kibao na usukani uko kulia, gari limegeuzwa. Kenya hairuhusu kusajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa kwa kazi maalumu, kwa hiyo sababu ya kuyageuza ipo. Kagua kwa macho makali boksi la usukani, mkono wake, na mahali pedali zilipochomelewa. Kazi mbaya hapo ni hatari ya uhai.

Mstari wa TRANS/AXLE unataja gia boksi na difu. Ukisoma H55F, hiyo ni gia tano. Msimbo wa difu uandike mahali kabla ya kununua difu la mtumba, kwa sababu difu la mbele na la nyuma yasipokuwa na uwiano mmoja wa meno, siku utakapotia gia ya magurudumu manne kwenye lami utavunja kitu.

Namba ya rangi je?

Kwa Toyota ni tarakimu tatu kwenye mstari wa COLOR, mara nyingi zikifuatwa na msimbo wa viti. Tarakimu ya kwanza inakupa kundi: 0 nyeupe, 1 fedha na kijivu, 2 nyeusi, 3 nyekundu, 4 kahawia na maziwa, 5 njano, 6 kijani, 8 buluu. Namba 202 ni nyeusi, 040 ni nyeupe ile kali ya miaka ya baadaye. Mpe mchanganya rangi namba, usimpe picha ya simu. Land Rover za Series hazina namba ya rangi kwenye kibao. Hapo rudi kwenye tabaka la kwanza la rangi.

Land Cruiser yangu imetoka Japani na namba yake ina kistari katikati. Ni sawa?

Ni sawa kabisa. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hayana namba 17. Yana umbo kama HZJ77 kisha kistari kisha tarakimu saba. Kwenye MODEL unaweza pia kukuta herufi za ziada mwanzoni, kama U- katika U-HZJ77HV. Hizo zinahusu kanuni za moshi za Japani za kipindi hicho, hazikuhusu unapotafuta vipuri.

Tatizo la namba hizi ni mwaka, maana haumo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, usome lebo iliyoshonwa chini kabisa. Gari haliwezi kuwa la zamani kuliko mkanda wake wa asili.

Beetle?

Kuanzia mfano wa 1965 mambo ni mepesi: namba tisa, mbili za kwanza ni aina, ya tatu ni mwaka. 118 mwanzoni ni Beetle ya mfano wa 1968. Mwaka wa Volkswagen ulianza Agosti, kwa hiyo gari hilo huenda lilitengenezwa Septemba 1967, na wala kadi haijadanganya. Kuanzia mfano wa 1970 ziliongezwa kuwa kumi, ikiingizwa 2 nafasi ya nne. Kabla ya 1965 namba zilikwenda kwa mfululizo tu, na utahitaji jedwali la miaka.

Mercedes W123?

Tarakimu sita za mwanzo ni aina: 123.123 ni 240 D. Kwenye namba za mtindo wa zamani zinafuata mbili: ya kwanza ikiwa 2 usukani ni kulia, 1 ni kushoto, ya pili ikiwa 0 ni gia za mkono, 2 ni otomatiki. Basi 20 ndilo gari la mkono la kwetu, na 22 otomatiki.

Nina Datsun 240Z. Muuzaji anasema ni kama zile za Safari Rally.

Datsun 240Z zilishinda Safari 1971 na 1973, mara ya pili Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani, kwa hiyo naelewa kwa nini maneno hayo yanauza. Kibao kitakuambia hadi wapi uamini. HS30 ni 240Z yenye usukani kulia, HLS30 ni ya kushoto. S30 bila H ni ya Japani yenye injini ndogo ya lita mbili. S30 iliyotiwa injini kubwa ni gari zuri, ila si 240Z ya kiwandani. Na kusema gari lilishindana kunahitaji karatasi za mashindano zenye namba hiyohiyo ya chasisi.

Namba ya injini na ya chasisi hazifanani. Nimeibiwa?

Kwa magari mengi hazikukusudiwa kufanana. Land Rover ya Series IIA ina namba yake ya injini, imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto mbele, ikiwa na mfululizo wake. Linalotakiwa ni namba ya injini iliyo kwenye gari ilingane na iliyo kwenye kadi, na, kama una bahati, na iliyo kwenye kumbukumbu za kiwanda. Injini iliyobadilishwa zamani na kuandikishwa vizuri ni historia ya gari. Ambayo haikuandikishwa ni kazi ya kumalizwa TRA (Tanzania) au NTSA (Kenya) kabla ya kulipa.

Nisafisheje kibao bila kukiharibu?

Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki laini. Rangi ikiwa juu yake, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kidogo, na subira. Usitumie msasa kamwe, wala brashi ya waya: maandishi ya vibao vingi yamechorwa juujuu, ukisugua mara mbili yameondoka.

Namba ya kwenye chasisi inavumilia brashi ya waya ya mkono, lakini grainda weka mbali. Ikishakuwa safi, ipake chaki na kufuta juu, chaki ibaki kwenye mikato. Mulika tochi kutoka pembeni, si usoni, kisha piga picha. Tarakimu ambayo hukuiona itajitokeza kwa kivuli chake.

Nitajuaje kibao kimehamishwa?

Angalia ribiti kabla ya kusoma maandishi. Ribiti mpya zinazong'aa kwenye kibao kilichochakaa, matundu mawili ya ziada pembeni, rangi safi nyuma ya kibao ilhali pengine pote pana kutu: hizo ni dalili. Kwenye chuma, tafuta tarakimu zisizokaa mstari mmoja, zenye ukubwa tofauti, au sehemu iliyosuguliwa laini kuliko majirani zake. Pia pima vifaa vingine. Dainamo, stata na distributa za Lucas kwenye magari ya Kiingereza zina tarehe iliyogongwa, mwezi au wiki kisha mwaka. Kimoja kikipishana, kilibadilishwa. Vyote vikikubaliana na kibao kikapinga, tatizo liko kwenye kibao.

Kibao kimepotea. Vinauzwa vipya mtandaoni, ninunue?

Vipo, na vingine vimetengenezwa kwa ustadi. Kama namba ya chasisi kwenye chuma inasomeka na inalingana na kadi, kibao kipya chenye namba hiyohiyo ni pambo halali, mradi useme wazi kuwa ni kipya siku utakapouza. Kama namba kwenye chuma haisomeki, simama. Kujigongea namba au kubuni ni kosa la jinai hata kama gari ni lako halali. Nenda kwa mamlaka ya usajili na polisi, gari likaguliwe, upewe kibali kwa maandishi.

Kiwanda kinaweza kunithibitishia?

Baadhi ndiyo. Kwa Land Rover na magari mengi ya Kiingereza, British Motor Industry Heritage Trust iliyoko Gaydon hutoa cheti kutoka kwenye madaftari ya kiwanda, kwa malipo, kikitaja mambo kama tarehe ya kutengenezwa, namba ya injini, rangi na gari lilipelekwa wapi. Kwa Volkswagen, makumbusho yao ya Wolfsburg hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari. Watakutaka namba ya chasisi iliyo kamili, ndiyo maana tulianza chini ya gari na tochi.

Kadi inasema 1974, kibao kinaonyesha gari ni la miaka ya sitini. Nifuate lipi?

Kwa vipuri fuata kibao na chuma. Kwa sheria, kadi ndiyo inayotambulika mpaka irekebishwe. Mara nyingi aliyejaza karatasi aliandika mwaka gari lilipoingia nchini au liliposajiliwa upya.

Napeleka chasisi ikapigwe mchanga na kuchovywa zinki. Namba itabaki?

Inaweza isibaki. Mchanga unakula kingo za tarakimu, na zinki inajaza mikato iliyobaki. Kabla haijatoka gereji, piga picha za karibu zenye kipimo cha rula kando, chukua nakala kwa karatasi na penseli juu ya namba, na kama unaweza mlete mkaguzi aione na kuandika. Mwambie fundi wa mchanga afunike sehemu hiyo kwa bati, aisafishe kwa mkono mwishoni. Mwambie na wa zinki, ili aipanguse ingali ya moto.